Hakuna Ndugu Aliyejitokeza

Thobias Mabula hakuwa na cheti cha darasa la kumi na mbili. Hakuwa hata na cha darasa la nane. Alichokuwa nacho ni karatasi ya darasa la nne, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Hakuwa na baba, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili. Hakuwa na suti. Viatu alikuwa navyo jozi moja, na cha kushoto kilikuwa kinaingiza maji. Hakuwa na mtu wa kumsemea kwa wakubwa. Hakuwa na meza. Aliandikia juu ya sanduku la mbao lililowahi kubebea baruti. Na hakuwa na nafasi, maana mchana wote ulikuwa mali ya mgodi.

Dada alikuwa naye, mmoja tu, wa baba mmoja na mama mmoja. Lakini katika orodha ya mambo aliyoyakosa, ambayo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya daftari mwaka 1954, na kando yake akaandika machache aliyokuwa nayo, jina la dada yake halikuwa upande wowote.

Alikuwa karani wa mahudhurio katika mgodi wa dhahabu, Geita. Kila alfajiri alisimama langoni na kalamu, akatia alama kwenye kipande cha kazi cha kila mtu aliyeshuka shimoni, na jioni akatia alama ya pili kwa kila aliyepanda. Baada ya hapo alinawa uso akaenda kwenye shule ya jioni, katika banda la kanisa, akakaa benchi moja na wachoronga mwamba wenye vumbi masikioni. Miaka mitano alikwenda hivyo. Wenzake walikwenda kwenye pombe. Yeye alikwenda kwenye kamusi. Kiingereza alikipata neno kwa neno, kama mtu anayechota maji kwa kikombe mpaka mtungi ujae.

Kwa sababu ya Kiingereza hicho, mzungu mmoja mwanamke, Bi Hartley, alipofika mgodini kuuliza watu habari za makwao, meneja alimpa Thobias awe mkalimani wake. Kwa wiki sita walikaa pamoja chini ya banda la mabati, mzungu akiuliza, Thobias akitafsiri. Umeoa wapi? Mahari ilitoka kwa nani? Nani alikulimia shamba ulipokuja huku? Wachimbaji walicheka pembeni, wakijibu.

Siku ya kuondoka, Bi Hartley alimpa kitabu chembamba cha jalada la kijivu. Kilikuwa kitabu cha masomo cha chuo kikuu kilichoko ng'ambo ya ziwa, na ukurasa wa thelathini na tisa ulieleza masomo ya shahada ya Elimu ya Jamii. Thobias aliunakili ukurasa ule wote, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza: Utangulizi wa Elimu ya Jamii, Ukoo, Ndoa na Nyumba. Mwaka wa pili: Utawala na Sheria Zisizoandikwa, Wahamiaji na Kazi ya Mshahara. Mwaka wa tatu: Dini na Imani, Njia za Kutafiti, na insha ndefu ya mwanafunzi mwenyewe.

Alimsomea Bartholomeo, mchimbaji kutoka Biharamulo aliyekuwa analala naye chumba kimoja.

"Rudia hapo pa ndoa," Bartholomeo alisema, akiwa amelala chali, miguu ukutani.

"Ukoo, Ndoa na Nyumba."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Basi bibi yangu ni mwalimu mkuu wa chuo hicho! Anajua mashangazi wa kijiji kizima, nani kamnyima nani maziwa tangu vita vya Wajerumani. Na huo wa pili, wahamiaji na kazi ya mshahara, si ndio mimi? Waje wanisome hapa kitandani. Wanivue na soksi."

Thobias alicheka, wala usiku ule hakuchukizwa na mzaha. Aliona kwamba Bartholomeo kasema jambo lenyewe. Kumbe haya tuliyokulia ndani yake ni elimu. Kumbe mtu anaweza kuyasomea miaka mitatu na kuvishwa joho. Maisha yake yote alidhani elimu ni kitu kilichoko mbali, na mtu hukifuata kwa kuyaacha ya kwao. Na sasa kitabu cha kijivu kilimwambia kwamba mzigo alioukimbia kijijini kwao Samuye ndio hasa wanaoutaka chuoni.

Na palikuwa na mlango. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mtu mzima asiye na cheti anaweza kufikiriwa akidhaminiwa na msomi, na akiandika insha juu ya desturi moja ya watu wake aliyoiona kwa macho. Mwishoni atie sahihi kwamba ameandika yote aliyoyaona, na aeleze kama yeye mwenyewe alihusika. Bi Hartley alikubali kumdhamini.

"Jambo moja tu, Thobias," alimwambia kabla ya kupanda gari. "Mtafiti hatii mkono. Ukitia mkono, utakachoandika ni habari zako wewe."

Maneno hayo Thobias aliyaandika kwenye jalada la daftari, akayapigia mstari.

Mwezi wa Novemba alipata likizo ya siku kumi na nne. Alipanda lori hadi Mwanza, akachukua treni hadi Shinyanga, kisha akatembea kwa miguu hadi Samuye, viatu mkononi. Alifikia kwa mama yake mdogo Bernadina, mke wa pili wa marehemu baba yake, aliyebaki peke yake katika mji wa zamani. Mama mdogo alimpokea, akampa maji ya kunawa, akamwambia habari kabla hajakaa sawasawa.

"Dada yako ametengwa."

"Paskazia?"

"Una dada gani mwingine? Leo siku ya nne."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Vijana wa Samuye walikuwa na chama chao cha kulima, kama vilivyo vyama vya namna hiyo Usukumani kote. Msimu wa kulima ukifika, hulima shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa ngoma na nyimbo, na kiongozi wao huitwa nsumba ntale. Asiyefika hutozwa faini. Akikataa faini, nyumba yake hutengwa: hasalimiwi, hapewi moto, halimiwi, akiugua haendewi. Na anayemsaidia hutengwa pia. Selestine, mume wa Paskazia, alikuwa mtu wa Kishapu aliyehamia Samuye kwa ajili ya mke. Alikuwa akifanya kazi Mwadui, kwenye almasi, na kandarasi yake ilikuwa haijaisha. Alikosa siku mbili za kulima. Alipopelekewa habari ya faini alijibu kwa maneno makali, akaweka na jina la mama wa mtu ndani yake. Sasa yeye yuko Mwadui anakula mkate, na mkewe yuko Samuye na mtoto wa miaka minne, Zipora, hakuna anayempa hata salamu ya mwangaluka.

Kuimaliza adhabu ile hakukuwa kazi kubwa. Mwanamume wa damu ya nyumba huchukua jembe, akalima siku moja na wale vijana, jua hadi jua, kisha akala nao chungu kimoja. Yameisha. Selestine hakuwa na ndugu Samuye. Mwanamume wa damu alikuwa mmoja.

Kesho yake asubuhi Paskazia alisimama nje ya ua, hakuingia, asije akamponza mama mdogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Paskazia. Habari za siku nyingi?"

"Habari unazo." Alitabasamu kidogo. Alikuwa amekonda. "Nilijua utakuja. Nilimwambia Zipora, mjomba wako akifika haya yatakwisha. Lini utakwenda kwao?"

"Nitakwenda. Nataka kwanza nielewe jambo lilivyoanza."

"Lilianza kwa mdomo wa Selestine. Umekwisha elewa. Nenda."

Huyu Paskazia ndiye aliyeshika fimbo ya kuchungia ndama, mtoto wa kike wa miaka minane, baba yao alipofariki, ili Thobias amalize darasa la nne. Wavulana wa malishoni walimcheka, wakamwita jike dume. Hakuwahi kumkumbusha kaka yake jambo hilo, na siku hiyo pia hakulitaja.

Thobias alikwenda kwa nsumba ntale. Aliitwa Marselino, na utotoni waliwinda panya wa porini pamoja. Alimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Karani!" Marselino alisimama akampa mikono yote miwili. "Tazama shingo ilivyonona! Huko Geita mnakula dhahabu?"

"Tunakula vumbi lake."

"Kaa. Najua kilichokuleta. Sikiliza, ndugu yangu, kesho tunalima kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji. Jembe la marehemu baba yako bado liko pale kwenu ukutani, nililiona. Njoo nalo. Ulime siku moja tu, tule, yaishe. Sisi wenyewe tumechoka. Unadhani ni raha kumnunia mtoto mdogo? Jana kaniamkia, nikaangalia juu kama mjinga, kana kwamba natafuta mvua."

Thobias alikuwa na daftari mapajani. Alikuwa amekwisha jaza kurasa sita tangu jana. Hata sasa kalamu ilikuwa mkononi, na ule mstari wa Bi Hartley ulikuwa kwenye jalada, unamtazama. Akauliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia chini ya banda la mabati:

"Na kama ndugu wa damu hatokei, huwa inakuwaje?"

Marselino aliacha kuchonga. "Huwa anatokea."

"Lakini asipotokea?"

"Sijui. Haijatokea. Tangu babu zetu, ndugu anatokea tu, hata kama anatukana njia nzima."

Haijatokea. Thobias aliliandika neno lile, akalipigia mistari miwili. Mtu yeyote angeweza kuandika jinsi desturi inavyokwenda. Nani alikuwa ameandika inavyokuwa ndugu asipotokea? Hata ukurasa wa thelathini na tisa haukuwa na jambo hilo.

"Nipe siku chache," alisema.

"Siku chache za nini?"

"Nina kazi kidogo hapa."

Marselino alitazama daftari, kisha akatazama viganja vya Thobias. "Au unaogopa malengelenge?" alisema akicheka, lakini Thobias hakucheka, na kicheko cha mwenziwe kikaisha chenyewe.

Basi akakaa. Kila siku alizunguka kijijini akauliza, na kila mtu alimjibu, maana hakuwa ametengwa. Aliandika nani alipita njia ya mbali ili asikutane na Paskazia kisimani. Aliandika kwamba wanawake walimwachia nafasi ya kuchota wa mwisho, na kwamba mmoja alidondosha kata yake ya kuchotea makusudi akaiacha, ili Paskazia aiokote aitumie. Aliandika ekari yake ya pamba ilivyobaki na majani wakati mashamba ya jirani yamekwisha geuzwa. Aliandika vizuri. Hakuwahi kuandika vizuri namna ile, kabla wala baadaye.

Siku ya tatu ya kukaa kwake, mama mdogo Bernadina alilitoa jembe ukutani akaliegemeza mlangoni pa chumba chake. Thobias alilipita. Siku ya nne lilikuwa bado pale. Siku ya tano mama mdogo alilirudisha ukutani.

Siku ya sita mvua ilinyesha tangu saa tano mchana, mvua ya kwanza ya nguvu, na maji yakaingia jikoni kwa Paskazia yakazima moto. Thobias alikuwa barazani, anaandika. Kama saa tisa hivi alimwona dada yake anakuja na gae la chungu kichwani la kujikinga, Zipora mgongoni. Walisimama nje ya ua, palepale.

"Kaka, moto wangu umezimika."

Katika mfuko wa shati lake Thobias alikuwa na kibiriti. Kilikuwa kimejaa nusu, cha kuwashia taa ya kuandikia. Alikigusa kwa juu ya kitambaa.

Alijiambia mambo mengi kwa muda mfupi. Alijiambia kwamba kumpa moto ni kutia mkono. Alijiambia kwamba akitengwa naye, hakuna atakayejibu maswali yake tena, na insha itabaki nusu. Alijiambia kwamba zimebaki siku tatu tu za kuandika, na baada ya hapo atalima, hata siku mbili atalima, na siku atakayokuwa na shahada ataijenga nyumba ya Paskazia kwa bati. Yote haya aliyaamini.

"Subiri kidogo, Paskazia," alisema. "Siku mbili tatu. Nitaeleza baadaye."

Mtoto alitoa kichwa kwenye kanga. Alikuwa anatafuna mchembe, kipande cha kiazi kikavu cha kuchemshwa, anakitafuna kibichi kama kijiti.

"Mama, mjomba hana kibiriti?"

"Hana," alisema Paskazia, akageuka.

Siku mbili baadaye Selestine alifika kutoka Mwadui. Mtu alikuwa amempelekea habari. Alikuwa ametoroka kandarasi, kwa hiyo kazi ilikuwa imekwenda. Hakuenda kwa Marselino, hakuomba, hakulipa. Aling'oa milango miwili na boriti za paa alizozichonga mwenyewe, akazipakia kwenye mkokoteni wa punda, na asubuhi wakaondoka kurudi kwao Kishapu. Watu wa Samuye walisimama mbele ya nyumba zao wakitazama. Hilo hawakulitaka. Marselino alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliye msibani.

Thobias alisimama kando ya njia. Paskazia alipofika usawa wake alisimama, chungu kichwani, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Kwaheri, Bwana Karani," alisema. "Umeandika yote?"

Tangu siku hiyo hakumwita kaka tena.

Insha aliimaliza Geita, juu ya sanduku la baruti. Ilikuwa kurasa arobaini na moja. Ukurasa wa thelathini aliandika: *Kwa muda wa siku kumi na moja, hakuna ndugu wa damu aliyejitokeza kuikomboa nyumba hii, na mwisho nyumba ikahama.* Mwishoni, penye swali la kama mwandishi alihusika, aliandika *Hapana*, akatia sahihi. Akaituma mwezi wa Januari.

Mwezi wa Mei jibu lilikuja. Bartholomeo ndiye aliyelichukua ofisini, akalileta analipunga juu ya kichwa kama bendera. Amekubaliwa. Aripoti Julai. Ndani palikuwa na barua ya pili, ya Bi Hartley mwenyewe, aliyeandika kwamba waalimu wameisoma insha ile kwa zamu, na kwamba ukurasa wa thelathini umewashangaza wote. Ni ushahidi wa kwanza, alisema, wa jinsi kazi ya mshahara inavyokata kamba za undugu. Walitaka kuichapisha katika jarida la chuo na kuisomesha kwenye somo la mwaka wa pili. Aombe tu ruhusa kwa wenye nyumba ile.

"Mheshimiwa!" Bartholomeo alisema, akampigia saluti. "Ukivaa lile joho usisahau nilikuwa nakuvumilia ukikoroma kwa Kiingereza. Mbona hucheki?"

"Nacheka."

"Huko unakocheka ni wapi? Maana usoni hakujafika."

Thobias aliomba ruhusa ya siku tano, akaenda Kishapu kuiomba ile ruhusa nyingine.

Alimkuta Paskazia kwenye nyumba ndogo ya udongo mpya, milango ileile miwili ya Samuye. Alipokelewa vizuri. Na hilo ndilo lililomchoma, kupokelewa vizuri. Aliwekewa kigoda, akaletewa maji ya kunawa, akapikiwa ugali wa mtama na kuku, kama anavyopikiwa mgeni wa serikali. Selestine alimwamkia akatoka kwenda kwa mbuzi. Zipora alikuwa amerefuka. Alimsalimu kwa kupiga magoti, akakimbilia jikoni. Kutoka jikoni moshi ulikuwa unapanda, mwingi, moto mkubwa kuliko chakula kilivyohitaji.

"Karibu ule, Bwana Karani."

"Paskazia, mimi ni kaka yako."

"Ndiyo. Karibu ule."

Baada ya kula alimweleza habari ya insha. Alimsomea, akiitafsiri kwa Kisukuma kadiri alivyoweza. Paskazia alisikiliza akichambua mbegu za pamba kwenye ungo. Aliposikia habari ya kata iliyodondoshwa kisimani alitikisa kichwa na kusema, "Yule alikuwa mke wa Marselino. Mungu ambariki." Walipofika ukurasa wa thelathini mikono yake ilisimama.

"Soma tena hapo."

Thobias alisoma tena. Hakuna ndugu wa damu aliyejitokeza.

"Ni kweli," Paskazia alisema. "Hapo hukusema uongo."

Akaendelea kuchambua. Mbegu mbovu aliziweka upande.

"Ila hukuandika alikuwa wapi."

"Nani?"

"Huyo ndugu. Mtu akisoma hapo atadhani alikuwa mbali, Geita huko, shimoni, amesahau kwao. Atasema, kazi ya mshahara imemla. Au atadhani amekufa. Hukuandika kwamba alikuwa barazani, hatua ishirini, na mfuko wa shati lake umetuna hapa." Alijigusa kifuani kwa kidole, mahali penyewe hasa. "Niliona, Thobias. Mvua ilikuwa inaingia barazani, imeulowesha mfuko. Niliona mpaka rangi ya karatasi ya kibiriti."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kumwita kwa jina, na aliliita kama mtu anavyolitaja jina la marehemu.

Thobias alitaka kusema habari ya ndama na ile fimbo, kwamba hakusahau. Akaona kwamba akiyataja sasa yatakuwa ya kujisafishia tu.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Mimi? Mimi nina moto sasa." Akanyanyua ungo, akapepeta. "Ruhusa unayo. Wachape. Si umesema wanasomesha watu? Lakini wasomeshe yote."

Alirudi Geita kwa lori lililojaa magunia ya chumvi, akakaa juu ya magunia. Njia nzima kitabu cha kijivu kilikuwa kwenye mfuko wa koti. Hakukifungua, alikuwa anakijua kwa moyo. Ukoo, Ndoa na Nyumba. Utawala na Sheria Zisizoandikwa. Alijua pia herufi ndogo za chini ya ukurasa, zinazosema kwamba mwombaji atakayegundulika kuficha sehemu yake katika mambo aliyoyaeleza, ombi lake litafutwa na hataruhusiwa kuomba tena. Na Bi Hartley aliyemdhamini kwa jina lake angeaibika. Hilo nalo alilitia kwenye hesabu ya mambo aliyoyaharibu.

Angeweza kunyamaza. Dada yake asingemshitaki kwa mtu. Wala hajui kusoma. Kwa siku tisa Thobias alinyamaza. Alitia alama kwenye vipande asubuhi, akatia alama jioni. Mara kwa mara alijikuta mkono uko kwenye mfuko wa shati.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Baada ya misa alikaa kwenye sanduku la baruti, mlango wazi, mchana kweupe, akaandika kwa Kiingereza chake cha kamusi, pole pole, asikosee.

*Katika ukurasa wa thelathini naomba yaongezwe maneno haya. Ndugu wa damu alikuwapo kijijini siku zote nane za mwisho. Alikuwa mzima wa afya. Jembe lilikuwapo. Aliambiwa na nsumba ntale kwamba siku moja ya kulima ingetosha, naye akaiacha kwa sababu alitaka kuona itakavyokuwa. Siku ya sita dada yake alimwomba moto, naye alikuwa na kibiriti, akamnyima. Kwa hiyo jambo mliloliona jipya katika insha yangu si kazi ya mshahara iliyolifanya. Nililifanya mimi, kwa ajili ya insha. Mwishoni niliulizwa kama nilihusika, nikaandika Hapana. Naomba isomeke Ndiyo. Bi Hartley hakujua lolote.*

Bartholomeo aliingia na maji ya kunywa, akaona karatasi, akaona uso wa mwenziwe. Aliketi kitandani.

"Unawaandikia wale wa chuo?"

"Ndiyo."

"Watakuchukua bado?"

"Hapana."

Bartholomeo alikuna kichwa. Alitafuta mzaha, hakuupata. "Basi usitume," alisema. "Nani atajua?"

"Wataisomesha, Bartholomeo. Mwaka wa pili. Kila mwaka kijana atakaa kwenye benchi aambiwe kwamba Samuye palikuwa na mwanamke, na ndugu zake walimtupa kwa sababu ya mshahara. Na Marselino ataonekana mkatili. Marselino alinisihi."

Alikunja barua mara tatu. Juu ya ile ya kukubaliwa alitazama kidogo jina lake lilivyopigwa chapa, *Bw. T. Mabula*, kwa wino mweusi uliosimama sawa. Kisha akaitia nayo ndani, airudishe kwa wenyewe. Alilamba gundi ya bahasha, ladha yake chungu ikabaki ulimini. Akaikandamiza kwa kiganja juu ya ubao wa sanduku, upande huu na upande huu, mpaka ikashika.

Lori la posta liliondoka Jumatatu saa moja asubuhi. Thobias alikuwa langoni na kalamu yake. Alimwomba dereva asimame, akaidumbukiza bahasha ndani ya mfuko wa turubai kwa mkono wake mwenyewe, na dereva akaufunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akatia lakiri.